Shajara ya Mradi: Kumtambua Malkia wa Sisimizi Nyumbani, Nakuru, 2025

9 Machi 2025: Kusudi na vifaa

Kila masika yanapokaribia, wadudu wenye mabawa huingia majumbani kwa wingi, na karibu kila mdudu mkubwa anayefanana na sisimizi huitwa malkia. Mradi huu unakusudia kutengeneza ufunguo mfupi wa utambuzi, ambao mtu yeyote mwenye simu na lenzi ya kubandika anaweza kuutumia kujibu maswali matatu kwa mpangilio: je, huyu ni sisimizi kweli, ikiwa ni sisimizi, je, ni malkia, na ikiwa ni malkia, ni wa jenasi gani, yaani kundi gani la spishi zinazokaribiana. Kufika hadi spishi ni jambo la ziada, kwa sababu katika makundi mengi ya sisimizi wa Afrika Mashariki spishi hazitenganishwi kwa picha ya simu, na anayedai kuzitenganisha kwa njia hiyo anabahatisha.

Eneo la uchunguzi ni nyumba moja pembezoni mwa mji wa Nakuru, pamoja na ua wake wenye mparachichi, ukuta wa mawe, makopo ya maua na taa ya veranda. Vifaa vya kuanzia ni lenzi ya kubandika kwenye simu, shuka jeupe, taa, karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita moja, vikombe vya plastiki vyenye mifuniko, na brashi ndogo ya rangi ya kumsukumia mdudu bila kumvunja miguu.

Dhana ya kuanzia ni ile ambayo watu wengi wanayo: malkia ni yule aliye mkubwa kuliko wenzake. Imeandikwa hapa ili ijaribiwe.

23 Machi 2025: Taa

Shuka lilitundikwa ukutani na taa ya LED ya rangi ya njano ikawekwa mbele yake. Walikuja nondo wachache, na sisimizi hawakuja. Wadudu wengi wa usiku huitikia zaidi mwanga wa buluu na urujuanimno, na taa ya njano ya aina hii hutoa mwanga huo kidogo mno. Ndiyo maana baadhi ya watu huiweka mlangoni makusudi ili wadudu wasiwasumbue. Taa hiyo ilibadilishwa, ikawekwa balbu nyeupe ya kuokoa umeme, ile yenye bomba lililojisokota, na baada ya mvua iliyofuata shuka likajaa.

Waliojaa, hata hivyo, walikuwa kumbikumbi. Mtoto wa jirani aliyekuja kutazama alisema, "Mwalimu, huyu ana mabawa na yule ana mabawa, si wote ni kumbikumbi?" Swali lake ndilo lililokuwa swali la kwanza la ufunguo, na jibu lake lilipatikana palepale shukani. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana kwa urefu, marefu kupita mwili wake, yenye mtandao wa vishipa vyembamba visivyohesabika kwa urahisi. Sisimizi mwenye mabawa ana jozi mbili zisizolingana: ya mbele ni kubwa, ya nyuma ni ndogo, na vishipa vyake ni vichache na vinene. Kumbikumbi hana kiuno. Kifua chake kimeungana na tumbo bila kubanwa. Sisimizi amebanwa kiunoni, na hapo pana kifundo kimoja au viwili. Vipapasio vya kumbikumbi vimenyooka na vinaonekana kama shanga zilizotungwa, ilhali vya malkia wa sisimizi vina pingili ndefu ya kwanza na kisha vinapinda kwenye kiwiko.

Tofauti hii si ya sura tu. Mchwa wako katika ukoo mmoja na mende, na sisimizi wako katika ukoo wa nyigu na nyuki. Ndiyo maana mchwa wana mfalme anayeishi na malkia ndani ya kichuguu kwa miaka, ilhali dume wa sisimizi hufa muda mfupi baada ya kujamiiana. Mtu akikuta wawili, jike na dume, wakifuatana sakafuni mmoja nyuma ya mwingine baada ya kudondosha mabawa, hao ni mchwa.

2 Aprili 2025: Mabawa sakafuni

Asubuhi baada ya mvua kubwa, mabawa yalikutwa yametawanyika sakafuni, na chini ya zulia la mlangoni akapatikana sisimizi mmoja mkubwa asiye na mabawa, wa rangi ya kahawia yenye mabaka hafifu ya njano ubavuni mwa tumbo. Kwa kigezo cha ukubwa alikuwa malkia bila shaka. Hata hivyo, usiku uliotangulia alikuwa amepigwa picha jikoni sisimizi mwingine wa rangi hiyo hiyo, mwenye kichwa kipana na taya nene, naye pia kwa kigezo cha ukubwa alikuwa malkia. Picha hizo mbili zilipowekwa sambamba, kigezo cha ukubwa kilianza kuyumba.

Yule wa jikoni alikuwa na kichwa kikubwa na kifua chembamba. Ukimtazama kwa ubavu, mgongo wa kifua chake ulikuwa mstari mmoja laini uliopinda kidogo kuanzia shingoni hadi kiunoni, usio na sehemu zilizogawanyika. Yule wa chini ya zulia alikuwa na kifua kilichotuna, kipana karibu sawa na kichwa chake, na juu yake palikuwa na bamba pana kama nundu, likifuatiwa na bamba dogo lililotenganishwa kwa mfereji. Pembeni mwa mabamba hayo, kila upande, kulikuwa na vijishimo viwili vyeusi vyenye kingo zilizochanika. Hayo ni makovu ya mabawa. Juu ya paji la uso kulikuwa na macho madogo matatu yaliyopangwa pembetatu, mbali na yale mawili makubwa ya pembeni.

Maelezo ya tofauti hiyo yamo katika maisha ya malkia mwenyewe. Malkia wa aina nyingi huzaliwa na mabawa na huruka mara moja tu maishani. Kifua chake ni kikubwa kwa sababu kimebeba misuli ya kurukia. Sisimizi mfanyakazi hakuwahi kuwa na mabawa, hivyo kifua chake hakina haja ya misuli hiyo hata akiwa na kichwa kikubwa kiasi gani. Na malkia wa aina nyingi akishatua huyang'oa mabawa yake mwenyewe, hujifungia ndani ya shimo, kisha mwili wake huivunja ile misuli isiyohitajika tena na kuitumia kama akiba ya kulisha watoto wa kwanza, bila yeye kutoka kutafuta chakula. Kwa hiyo kifua ndicho kinachotangaza umalkia, na hakiwi kidogo hata mabawa yakishaanguka, kwa maana gamba la nje hubaki lilivyo.

Huyu alikuwa na kifundo kimoja kiunoni, hakuwa na mwiba, na vipapasio vyake vilianzia nyuma kidogo ya ukingo wa bamba la mdomo, si juu ya ukingo wenyewe. Sifa hizo kwa pamoja zinampeleka kwenye jenasi ya Camponotus, na mabaka ya tumboni yanamweka katika kundi la Camponotus maculatus, sisimizi wa usiku walioenea sana barani Afrika na wanaopenda kukaa karibu na watu. Yule wa jikoni alikuwa mfanyakazi mkubwa wa kundi hilo hilo.

13 Aprili 2025: Picha zisizosomeka, na tiba zake

Picha nyingi za mwanzo hazikufaa. Zilizoharibika kwa sababu ya mdudu kukimbia ndizo zilizokuwa nyingi zaidi, na tiba yake ni friji: mdudu akiwekwa ndani ya kikombe, kikombe kikawekwa sehemu ya kawaida ya friji kwa dakika tano hadi kumi, hupoa na kutulia kwa muda wa kutosha kupiga picha, kisha huamka na kwenda zake. Sehemu ya kugandishia barafu isitumike kwa kazi hii, kwani inaua. Kikombe kiwe kikavu na kiwekewe kipande cha tishu, la sivyo mvuke hujikusanya ndani na mdudu hunata kwenye matone.

Tatizo la pili lilikuwa la vipimo na lilichukua muda kugundulika. Mdudu akiwekwa juu ya karatasi ya grafu, mgongo wake uko karibu na lenzi kuliko ilivyo karatasi, na kwa lenzi ya kubandika, ambayo hukaa karibu mno na kitu, tofauti hiyo ndogo inamfanya aonekane mrefu kuliko alivyo. Malkia yule yule alisomeka urefu mbalimbali kutegemea umbali wa simu. Tiba iliyofanya kazi ni kukata ukanda mwembamba wa karatasi ya grafu, kuubandika kwenye kadi ngumu, na kuisimamisha kadi hiyo kando ya mdudu ili ukanda uwe usawa wa mgongo wake. Tangu hapo vipimo vya malkia wa Camponotus vimekuwa vikirudia karibu milimita kumi na tano.

La tatu ni pembe ya picha. Picha ya kutoka juu inapendeza lakini inaficha kiuno. Kila mdudu apigwe picha tatu: ubavuni ili kiuno na mgongo wa kifua vionekane, juu ili mabamba na makovu yaonekane, na usoni ili mahali vipapasio vinapoanzia paonekane. Ikiwa nafasi ni ya picha moja tu, iwe ya ubavuni.

27 Aprili 2025: Mdudu wa veranda

Usiku wa mvua alianguka chini ya taa mdudu mmoja wa rangi ya kahawia ya asali, mwenye urefu wa takriban sentimita tatu, tumbo refu lenye umbo la soseji, mabawa makubwa na macho yaliyotokeza. Kila aliyekuwapo alimwita malkia, mmoja akasema ni nyigu na kwamba asiguswe. Ndiye aliyeimaliza dhana ya ukubwa, kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote waliopatikana katika mradi huu, naye ni dume.

Huyu ni dume wa siafu, jenasi ya Dorylus. Vipapasio vyake vilikuwa vimejikunja lakini vikiwa vifupi kuliko mwili unavyodai, na ncha ya tumbo ilikuwa na viungo vya kushikia jike ambavyo mtu akiviona kwa haraka huvidhania kuwa mwiba. Hang'ati kwa kuumiza wala hachomi. Sura yake imewachanganya hata wataalamu: Linnaeus alipomwelezea dume wa Dorylus helvolus mwaka 1764 alimweka pamoja na nyigu, katika jenasi ya Vespa, kwa kuwa hakuna kitu kinachomuunganisha kwa macho na siafu vipofu wanaopita ardhini kwa misafara.

Malkia wa siafu, kwa upande wake, hana mabawa na hajawahi kuwa nayo. Hukaa katikati ya kundi, tumbo lake hutanuka mno, na ndiye anayehesabiwa miongoni mwa sisimizi wakubwa kuliko wote duniani. Mtu wa kawaida hawezi kumkuta nyumbani isipokuwa kiota kifukuliwe. Kwa hiyo kanuni ya kifua ina mpaka, na mpaka huo umeandikwa kwenye ufunguo: haifanyi kazi kwa siafu, wala kwa sungusungu weusi wanaovamia mchwa, Megaponera analis, ambao malkia wao pia hana mabawa na kifua chake kinafanana na cha mfanyakazi.

Kwa ujumla, madume wa sisimizi wengine hutambulika kwa kichwa kidogo kisicholingana na kifua, macho makubwa, na vipapasio visivyo na ile pingili ndefu ya kwanza. Hilo limefupishwa hapa kwa kuwa mara mtu akishamwona dume mmoja hamsahau.

8 Mei 2025: Kwa nini hakuna malkia anayefungwa kwenye chupa hapa

Jana mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12 wakishindwa kulipa, katika mashauri mawili ya kumiliki na kusafirisha sisimizi hai bila kibali. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa wamekamatwa Naivasha wakiwa na takriban malkia 5,000 ndani ya mirija yenye pamba. Wengi wa sisimizi hao walikuwa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wekundu wanaovuna mbegu, wanaouzwa kwa bei kubwa kwa wafugaji wa sisimizi wa Ulaya na Asia.

Jambo hilo linaugusa mradi moja kwa moja, kwa sababu Naivasha na Gilgil ziko katika kaunti hii, na kwa sababu tayari watu wameanza kuuliza kama picha za shajara hii zinaweza kuwasaidia kujua "wale wa pesa". Utaratibu tangu mwanzo umekuwa kwamba malkia aliye hai hupigwa picha na kurudishwa alipookotwa, na uchunguzi wa karibu hufanywa kwa waliokutwa wamekufa kwenye taa, kwenye utando wa buibui au kwenye ndoo ya maji. Sasa umeongezwa utaratibu wa pili: picha za malkia wa Messor hazionyeshwi pamoja na mahali alipookotwa. Anayetaka kukusanya sisimizi kwa utafiti au biashara anahitaji kibali, na mahali pa kuanzia ni Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS.

Kumtambua si vigumu. Ni mkubwa, zaidi ya sentimita mbili, mwekundu aliyekolea, kichwa kipana chenye umbo la karibu mraba, na kiunoni ana vifundo viwili, si kimoja. Hivyo vifundo viwili vinamtoa kabisa katika kundi la Camponotus hata kama rangi zao zingelingana. Kila malkia mmoja wa aina hii anayechukuliwa baada ya kuruka ni kundi moja zima ambalo halitaanzishwa, na wavunaji hawa ndio wanaobeba na kutawanya mbegu za nyasi katika malisho.

25 Mei 2025: Chini ya kopo la maua

Kopo la maua lililoletwa kutoka kitalu lilipoinuliwa, sisimizi wadogo wa kahawia walimwagika, na miongoni mwao walikuwamo wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Hao wenye vichwa si malkia. Ni askari wa jenasi ya Pheidole, na hapa ndipo kanuni ya kifua ilipothibitika vizuri kuliko popote: askari ana kichwa chenye umbo la moyo, kipana kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, kimekaa juu ya kifua kidogo kama cha mfanyakazi wa kawaida, malkia ana kichwa cha wastani, kifua kilichotuna chenye makovu ya mabawa, na tumbo linalometa. Walipatikana malkia kadhaa ndani ya kopo moja.

Wingi huo wa malkia ni dalili yenye uzito. Pheidole megacephala huishi na malkia wengi kwa pamoja, na hueneza makao yake kwa kundi dogo kuhama kwa miguu likiwa na malkia wake, au kubebwa na binadamu ndani ya udongo wa miche. Katika Laikipia, uvamizi wake ulifuatiliwa na matokeo yakachapishwa Januari 2024 katika jarida la Science: wanawaua sisimizi wenyeji wanaoilinda miti ya migunga yenye miiba iitwayo whistling thorn kwa Kiingereza, tembo wakapata nafasi ya kuivunja, uwanda ukawa wazi, na simba wakashindwa kuwavizia punda milia kama zamani, wakageukia nyati. Yote hayo yanaanza na kopo la maua la namna hii.

Utambuzi ulifika kwa uhakika kwenye jenasi: vifundo viwili, kipapasio chenye pingili kumi na mbili, na pingili tatu za mwisho zimenenepa kuwa rungu. Kwa spishi, picha zilipelekwa iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, na kulinganishwa na picha za AntWeb, hifadhi ya picha za sisimizi mtandaoni. Zinalingana na P. megacephala, lakini jenasi hii ina spishi nyingi zinazokaribiana, kwa hiyo kwenye jedwali la kumbukumbu za mradi imeandikwa "kundi la megacephala" na si zaidi. Kopo lenyewe lilizamishwa ndani ya ndoo ya maji hadi udongo ukafunikwa kabisa, na mche ukapandwa upya katika udongo mwingine.

15 Juni 2025: Jikoni

Sisimizi wadogo wa njano, wasiozidi milimita mbili, walikuwa wakitoka kwenye soketi iliyo juu ya sinki. Kabla ya uchunguzi kufanyika walipuliziwa dawa ya kopo, na baada ya wiki moja wakaonekana kabatini, kwenye fremu ya dirisha na chumba cha pili. Hivyo ndivyo sisimizi wa Farao, Monomorium pharaonis, wanavyofanya wakishtuliwa kwa dawa ya kufukuza: kundi hugawanyika, kila kipande kikichukua malkia na watoto wake na kwenda kuanza upya kwingine. Dawa iliyodhaniwa kuwapunguza iliwazidishia makao.

Malkia wao alipatikana ndani ya mkunjo wa karatasi ya plastiki iliyotandikwa kwenye rafu. Alikuwa na urefu wa milimita nne hivi, mweusi kidogo kuliko wafanyakazi wake, na kwa macho matupu angeweza kupita kama sisimizi yeyote mdogo. Ni mdogo kuliko mfanyakazi wa kawaida wa Camponotus. Chini ya lenzi kifua kilijionyesha mara moja, pamoja na makovu. Jamii hii hujamiiana ndani ya kiota bila kuruka nje, kwa hiyo mwenye kumsubiri malkia huyu kwenye taa atasubiri sana. Hutafutwa kwa kufuata mstari wa wafanyakazi wanaobeba mayai na mabuu.

Kilichofanya kazi baada ya hapo ni chambo cha dawa ya taratibu, ambacho wafanyakazi hukibeba hadi kwa malkia, kikiachwa mahali pamoja bila kupuliziwa kitu kingine karibu. Ilichukua majuma kadhaa, na ilibidi kila mtu nyumbani akubali kuwaona sisimizi wakila bila kuwafagia.

6 Julai 2025: Jeli

Wadudu waliokauka wana tatizo lao: huviringika, na ukiwabana kwa kibanio huvunjika vipapasio. Kuwatumbukiza kwenye spiriti kuliwahifadhi, lakini walielea na kuzunguka kila meza ilipotikisika. Ufumbuzi uliopatikana ni jeli ya kusafishia mikono isiyo na rangi. Tone kubwa huwekwa kwenye kifuniko cha chupa, mdudu huzamishwa ndani yake kwa brashi, na jeli humshika katika pembe yoyote anayowekwa, ubavu au uso, bila kumgandamiza.

Mapovu ndiyo kikwazo. Yakiganda kwenye nywele za mdudu hung'aa na kuonekana kama madoa. Mdudu aloweshwe kwanza ndani ya spiriti hadi hewa itoke mwilini, na jeli iachwe itulie kwa muda kabla ya picha. Kwa njia hii ndipo ilipowezekana kuona ncha ya tumbo la Camponotus: kitundu cha mviringo kilichozungukwa na nywele fupi, ambacho hurushia asidi ya fomiki. Ni alama ya nusufamilia nzima ya Formicinae, kundi kubwa ambalo Camponotus ni sehemu yake, na mwenye kitundu hicho hana mwiba.

Jeli ilifichua pia mgeni aliyekuwa ameorodheshwa kimakosa. Mdudu mmoja mwekundu mwenye madoa meupe tumboni na manyoya mazito, aliyekutwa amekufa karibu na ukuta wa mawe, alionekana kuwa na vipapasio visivyo na kiwiko wala kifundo halisi kiunoni. Ni jike la nyigu wa familia ya Mutillidae, wasio na mabawa, wanaotembea ardhini kama sisimizi. Mchomo wake ni mkali sana, na kwa sababu hiyo sasa anatajwa mwanzoni kabisa mwa ufunguo, kabla ya swali lolote la umalkia: mwenye manyoya, rangi za kung'aa na vipapasio visivyopinda asishikwe kwa mkono.

9 Novemba 2025: Picha kutoka Siaya, na majaribio ya ufunguo

Mvua za vuli zilipoanza, shemeji yangu aliyeko Siaya alituma picha za onyoso, sisimizi wanene weusi wanaotoka ardhini na kuruka baada ya mvua, ambao huko huokotwa na kuliwa. Hao ni malkia wa Carebara vidua. Tumbo lao ni kubwa na la mviringo, urefu wao unazidi sentimita mbili, na wana vifundo viwili. Katika picha moja iliyopigwa karibu sana, ndani ya nywele za mguu wa nyuma walionekana chembe kadhaa za rangi ya njano iliyopauka. Ni wafanyakazi wake. Ni wadogo kiasi kwamba huweza kung'ang'ania miguu ya malkia. Wengi huishi ndani ya vichuguu vya mchwa. Kati ya malkia huyu na yule wa Farao hakuna kipimo cha ukubwa kinachoweza kuwajumuisha wote wawili, na dhana ya 9 Machi ikafutwa rasmi kwenye jedwali.

Ufunguo uliobaki ulijaribiwa na watoto wa jirani kwa kutumia picha ambazo hawakuwahi kuziona. Unasomeka hivi: tazama manyoya na rangi kwanza, ili kuepuka nyigu, tazama kiuno na kiwiko cha kipapasio, ili kuwatoa mchwa, tazama kifua kwa ubavu, kama kimetuna na kina mabamba yaliyogawanyika pamoja na mabawa au makovu, tazama kichwa, ili kuwatoa madume, kisha hesabu vifundo. Kifundo kimoja na kitundu chenye nywele, elekea Camponotus na jamaa zake. Kifundo kimoja, mwiba, na tumbo lililobanwa baada ya pingili ya kwanza, elekea Ponerinae, nusufamilia nyingine ya sisimizi. Vifundo viwili, elekea Messor, Pheidole, Monomorium au Carebara, na hapo ukubwa ndipo unapoanza kusaidia, si kabla.

Watoto walikwama mahali pamoja tu, kwenye vifundo. Katika picha za ubavu ambazo mguu wa nyuma umekatiza kiuno, kifundo cha pili hufichika na Pheidole hugeuka Camponotus. Ufunguo umeongezewa sharti kwamba vifundo visihesabiwe katika picha ambayo mguu umepita mbele ya kiuno, ipigwe nyingine.

16 Novemba 2025: Gharama

Taa ya njano ilikuwa shilingi 200, balbu nyeupe 300, waya na kishikio cha balbu 350, lenzi ya kubandika 900, karatasi ya grafu 20, brashi 60, spiriti 150 na jeli 180. Jumla ni shilingi 2,160, bila kuhesabu shuka na vikombe vilivyokuwapo nyumbani, wala chambo cha jikoni ambacho kingenunuliwa hata bila mradi. Anayeiga kazi hii aache taa ya njano, na kama fedha ni kidogo aache pia taa yenyewe na kutegemea balbu ya veranda, kwani malkia wa Camponotus, Pheidole na Monomorium waliorekodiwa hapa walipatikana chini ya zulia, chini ya kopo na ndani ya rafu. Lenzi ndiyo isiyoweza kuachwa. Zile za bei ya chini kabisa sokoni hupindisha kingo za picha, na kwa kuwa kiuno mara nyingi hukaa kando ya fremu, ndicho kinachoharibika kwanza.